Kwanza Fundi wa Sono, DJ Baadaye

 

Leo nataka tuzungumze juu ya sherehe zetu. Kamati ya harusi inapokaa katika mji huu wa Kindu, hufika wakati mtu akauliza: "Na muziki je? Tutamchukua DJ gani?" Hapo majina yanatajwa, vijana wanabishana. Mmoja anasema fulani ana nyimbo zote mpya za Kinshasa, mwingine anasema fulani ndiye anayejua kuwainua watu vitini. Bei inakubaliwa, avansi inatolewa, na kamati inaendelea na mambo ya mchele, nyama na vinywaji. Swali la pili haliulizwi. Nani atashughulikia sauti za watu watakaosema? Nani atahakikisha baba wa bibi harusi anasikika mpaka kwenye kiti cha mwisho, pale chini ya mwembe?

Nitoe msimamo wangu mapema, ili hata asiyeweza kukaa nasi mpaka mwisho aondoke nao. Ikiwa fedha zenu zinamtosha mtu mmoja tu, na katika sherehe yenu kuna watu watakaosema, watakaoomba, watakaoimba au kupiga ala, basi mchukueni kwanza fundi wa sono, yaani fundi wa vyombo vya sauti. DJ afuate, fedha zikibaki.

Najua wengi mtashangaa, kwa sababu hapa kwetu kazi hizo mbili mara nyingi zinamwangukia kijana mmoja, yule tunayemwita mwenye sono. Anafika na bafle zake, yaani spika, mbili au nne, ampli, meza ndogo ya kuchanganyia sauti, mikro mbili na kompyuta iliyojaa nyimbo. Kama sherehe iko Alunguli, ng'ambo ya mto, na yeye anakaa upande huu, anavuka Lualaba na mizigo yote ndani ya mtumbwi, ameifunika kwa turubai, macho yake hayatoki kwenye ile ampli. Ninawaheshimu sana vijana hawa. Wamenunua vyombo vyao kwa jasho, kimoja kimoja, bila mkopo wa benki na bila shule ya kuwafundisha. Lakini kuchagua wimbo ni kazi moja, na kuifanya sauti ya binadamu ifike kwa binadamu mwenzake ni kazi nyingine kabisa. Mtu anaweza kuwa hodari sana kwa ile ya kwanza na asijue kitu kwa ile ya pili.

Chukueni karatasi ya programu ya harusi ya kwetu, muisome tangu juu. Mwongoza sherehe anakaribisha watu. Pasta anaomba, au shehe anapiga dua. Familia ya mwanaume inatambulishwa, kisha familia ya mwanamke. Mjomba anasimama, naye ana mengi ya kusema na ana haki ya kuyasema. Shangazi anatoa mashauri kwa bibi harusi. Kwaya inaimba nyimbo mbili. Wafanyakazi wenza wa maharusi wanaleta zawadi, na kila kundi lina msemaji wake. Giza likiwa limekwisha kuingia, ndipo watu wanacheza. Hesabuni wenyewe: sehemu kubwa ya siku ile ni maneno. Watu wamepanda pikipiki kutoka Kalima, wengine wamekuja kwa treni, na walichokijia ni kuona na kusikia wazee wakiunganisha familia mbili. Wakirudi bila kusikia, wamekula tu.

Sasa tuangalie kwa karibu kinachotokea mzee anaposhika mikro. Anafungua kinywa, na mara bafle zinapiga mlio mkali unaotoboa masikio. Mafundi wetu wanauita larseni, kwa jina la Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmark aliyeuchunguza. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Sauti inatoka kwenye bafle, inaingia tena kwenye mikro, ampli inaikuza, inatoka kubwa zaidi, inaingia tena, na mzunguko huo unakwenda kwa kasi mpaka unakuwa mlio. DJ asiye fundi akiusikia anafanya jambo moja tu: anashusha sauti yote. Mlio unakoma, na mzee naye hasikiki. Mnamwona midomo ikicheza, walio mbele wanatikisa kichwa, walio nyuma wanaanza mazungumzo yao wenyewe, na baada ya dakika mbili uwanja mzima ni kelele. Mzee anaona hasikilizwi, anakatisha maneno aliyoyatayarisha kwa mwezi mzima, anakaa.

Fundi wa kweli ameanza kupambana na mlio huo kabla hajafika mgeni hata mmoja. Kwanza anapanga bafle ziwe mbele ya mahali watakaposimama wasemaji, zikiwaelekea wageni, ili mikro ibaki nyuma yake. Hicho tu, ambacho hakigharimu hata faranga moja, kinaondoa nusu ya matatizo. Kisha anafanya balansi: anafungua mikro, anapandisha sauti polepole mpaka mlio unapoanza kujitokeza, anasikiliza ni sauti ya wapi inayolia, ya juu au ya katikati, na anaipunguza hiyo peke yake kwenye vitufe vya mikseri, ile meza ya kuchanganyia sauti. Anakata besi kwenye njia ya mikro, maana besi ikizidi kwenye maneno, maneno yanakuwa mvumo. Halafu anamwendea kila msemaji na kumwonyesha, kwa adabu, jinsi ya kushika: "Papa, shika hapa kwenye mpini, weka karibu na kinywa." Vijana wetu wamewaona waimbaji kwenye video wakikizungushia kiganja kile kichwa cha mikro, nao wanaiga. Mikro nyingi za jukwaani zimetengenezwa zisikie kinachotoka mbele na zikatae kinachotoka nyuma. Ukiziba matundu ya kichwa chake umeiondolea uwezo huo, inasikia pande zote, na larseni inarudi palepale.

Hata sasa hivi, mnavyonisikia, nyuma ya kioo cha studio hii ya redio yuko fundi mitambo, mkono wake uko kwenye kitufe cha mikro yangu. Jina lake mnalisikia mara moja tu mwisho wa kipindi. Asipokuwepo, maneno yangu yote yanaishia ndani ya chumba hiki.

Sitaki mtu afikiri kwamba ninawadharau madijei. DJ mzuri ni msanii. Anawasoma watu kwa macho, anajua saa ya kuweka rumba ya zamani ili wazazi wainuke, anajua saa ya kuwaachia vijana, anajua wimbo gani ukikatwa katikati utawaudhi watu na upi ukirefushwa utawachosha. Rumba yetu, ya Kongo hizi mbili, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia wa tamaduni zisizoshikika mwezi wa Desemba 2021, na ni hawa madijei wa mitaani wanaofanya watoto wetu wawajue Franco na Tabu Ley, ingawa waimbaji hao wamekufa siku nyingi. Lakini tazameni kule ambako kazi ya DJ ilikuzwa. Katika Kingston, mji mkuu wa Jamaika, tangu miaka ya 1950 watu walicheza nje uani kwa mitambo mikubwa ya sauti, na kazi ziligawanywa: yuko aliyechagua sahani za muziki, yuko aliyesema kwenye mikro kuwachangamsha watu, na yuko fundi aliyetengeneza na kuendesha mashine zenyewe. Mmoja wa mafundi hao, Osbourne Ruddock, ambaye dunia inamjua kwa jina la King Tubby, alikuwa kwanza mtengenezaji wa redio na vyombo vya umeme. Kutokana na ufundi wake wa nyaya na ampli akawa mmoja wa waanzilishi wa aina nzima ya muziki, inayoitwa dabu. Mzaliwa mwingine wa Kingston, Clive Campbell, au Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki kwenye ile sherehe ya dada yake mtaani Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, ambayo wengi wanaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop. Naye alisifiwa kwa ukubwa na usafi wa sono yake sawa na alivyosifiwa kwa sahani zake.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Katika Kinshasa, Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono N°1, alitaka likembe, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, isikike katikati ya makelele ya jiji. Hakuwa na fedha za mikro za dukani. Alitengeneza mikro zake mwenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari yaliyokufa, akazifunga kwenye likembe, akatoa sauti kwa vipaza sauti vya bati, vya aina iliyoachwa na wakati wa ukoloni. Sauti ile ya kukwaruza, ambayo wengine wangeiita mbovu, ilitolewa kwenye albamu ya Congotronics mwaka 2004 na ikalipeleka kundi lake kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani. Mzee Mingiedi aliaga dunia mwaka 2015. Kwangu mimi yeye ni ushahidi kwamba ufundi wa sauti ni wetu kama ulivyo wa watu wengine.

Na pale ambapo ufundi huo umekosekana, umaarufu haukusaidia kitu. Tarehe 15 Agosti 1965, The Beatles, kundi lililokuwa maarufu kuliko yote duniani, walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Ampli za magitaa yao zilikuwa za wati 100 tu, na sauti za uimbaji zilipitishwa kwenye spika za uwanja, zilezile za kutangazia mechi. Mashabiki walipiga mayowe, na wanamuziki wenyewe jukwaani hawakuweza kujisikia wanachoimba. Mwaka uliofuata waliacha kabisa kufanya ziara. Miaka minne baada ya usiku ule wa Shea, kwenye tamasha la Woodstock, fundi Bill Hanley alipandisha spika juu ya minara, na watu wapatao 400,000 shambani wakasikia. Mimi hapo nasema wazi: kama mmeita bendi, au kwaya yenye magitaa na ngoma, msithubutu kumwachia DJ. Sauti za Busara kule Zanzibar, tamasha lililoanza 2004, limeshikilia kwamba msanii apige na kuimba hapohapo jukwaani. Sharti kama hilo halitimizwi bila mafundi wanaokesha kwenye nyaya. Majirani zetu wa Goma nao walijifunza hayo tangu walipoanza tamasha la Amani mwaka 2014.

Mambo ya Maulidi ni vivyo hivyo. Katika jimbo hili la Maniema, tangu Kasongo mpaka hapa mjini, watu wanakaa nje usiku kucha, msomaji anasoma, vijana wanaitika kasida na madufu yanapigwa. Hakuna DJ pale wala hahitajiki. Anahitajika mtu anayejua kwamba dufu likiwa karibu na mikro ya msomaji litamfunika, na kwamba waitikiaji ishirini hawawezi kugombania mikro moja iliyowekwa kwenye kona.

Sherehe zetu nyingi ziko nje, uani, na nje kuna kanuni yake. Kila umbali kutoka kwenye bafle unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti inapungua kwa desibeli 6 hivi. Anayekaa mita 4 anapata nyingi, anayekaa mita 32 anapata kidogo sana. Mwenye haraka anapandisha sauti mpaka wa nyuma wasikie, na hapo bibi kizee mliyemheshimu kwa kumpa kiti cha mbele anapigwa kifuani, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake analia bila kukoma. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba katika mahali pa burudani wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Masikio yakiharibiwa kabisa na kelele hayaponi. Fundi anafanya tofauti: anaacha bafle mbili mbele kwa sauti ya wastani, anaweka mbili ndogo katikati ya uwanja kwa ajili ya walio nyuma. Na kwa kuwa sauti hewani inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, anajua kwamba zile za nyuma zikiwa mbali sana na za mbele, watu watasikia kila neno mara mbili, kwa hiyo anazichelewesha kidogo kwenye mashine. Mambo haya hayamo kwenye orodha ya nyimbo.

Na umeme je? Mnajua hali yetu. Sherehe nyingi za hapa zinakwenda kwa jenereta, na jenereta ndiyo inayoua sono za vijana wetu. Mkiona taa zinafifia kila ngoma inapodunda, jueni mashine imeelemewa: ampli inadai wati ambazo hazipo. Kompyuta ya DJ ina betri yake, itaendelea kuonyesha wimbo, lakini ampli inaweza kuungua. Fundi anauliza mapema jenereta ni ya wati ngapi, friji ngapi zitafungwa juu yake, nani atakuwa na mafuta ya akiba. Anaiweka mbali, moshi uende nje ya uwanja, na anaizima kwanza ndipo ajaze mafuta. Anapigilia chuma ardhini kwa ajili ya waya wa ardhi. Mmewahi kuona mtu akiguswa na umeme mdomoni anaposhika mikro? Mara nyingi waya huo haukuwepo. Na katika mji wa mvua kama wetu, nyaya zikilala kwenye majani mabichi, jambo hilo linaweza kumaliza uhai wa mtu.

Sasa kuna siku ambayo DJ anatangulia. Vijana wanasherehekea kumaliza shule, mtu anatimiza miaka 25 na marafiki zake, baa inafungua terasi mpya. Maneno ni machache, watu wamekuja kucheza. Hapo mchukueni DJ mwenye sono yake nzuri, na mumwache afanye kazi. Kama mna uwezo wa wote wawili, wekeni jambo moja wazi tangu mwanzo: ukubwa wa sauti unaamuliwa na fundi. Madijei wengi, uwanja ukipamba moto, wanasukuma mikseri yao mpaka taa nyekundu zinawaka mfululizo. Sauti iliyokwisha kupasuka hapo haiwezi kutengenezwa mbele ya safari, na spika ndogo za sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza.

Basi kabla hamjatoa avansi, mwiteni huyo kijana aje aone uwanja kwa macho. Mkimsikia anauliza wageni wangapi, watakaa upande gani, wangapi watasema, kwaya ina waimbaji wangapi, jenereta iko wapi, huyo ni fundi. Akija anawahesabia tu idadi ya bafle na wati zilizoandikwa nyuma yake, endeleeni kutafuta. Zile namba kubwa za kwenye maboksi mara nyingi ni za kilele cha sekunde moja, si za kazi ya usiku mzima. Waulizeni pia watu wa harusi aliyoifanya mwisho. Msiwaulize kama walicheza. Waulizeni mjomba alisema nini.

Nawaomba pia wachungaji, mapadre na mashehe. Mafundi wengi wa mji huu wamejifunzia kwenu, wakishika mikseri ya kanisa au ya msikiti Ijumaa na Jumapili. Wapeni mwanafunzi mmoja au wawili, wasichana pia, wakae kando ya fundi mwenye uzoefu. Ninyi wenye sono nanyi, msione haya kusema kwa mteja: mimi ni DJ, mikro zinataka mwenzangu, tugawane hiyo fedha.

Miezi ya kiangazi inakuja, na harusi zake. Ninyi mnaokaa kwenye kamati Jumapili hii, andikeni fundi wa sono kwenye bajeti juu ya jina la DJ, na mwambieni afike muda wa saa tatu kabla ya wageni kufika, akute jenereta ipo na uwanja uko wazi, afanye balansi yake bila kusukumwa na mtu.